Namna ya Kuthibitisha kwamba Vitone vya Protini Unavyoviona kwenye Hadubini ni Kimiminika

Aliyewahi kupika kwa nazi anajua tofauti kati ya mafuta yanayoelea juu ya mchuzi na tui lililokatika. Macho ya mafuta yakigusana huungana yakawa jicho moja la mviringo, ilhali chenga za tui lililokatika hugusana na kusongamana huku kila moja ikibaki na umbo lake. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa maabara ambaye ameshaona vitone vya protini na sasa anatakiwa kuonyesha, kwa ushahidi, kwamba alichokiona ni mafuta na si chenga.

Swali hili lilipata uzito mwaka 2009, pale Clifford Brangwynne, Anthony Hyman na wenzao walipoonyesha kwamba chembe P katika kiinitete cha mnyoo Caenorhabditis elegans, ambazo hazina utando wowote, huungana, hudondoka na kutiririka juu ya kiini cha seli kama matone. Tangu hapo vikusanyiko vya aina hiyo vimetajwa katika karibu kila kona ya seli, wakati mwingine kwa ushahidi hafifu mno.

Tuchukue protini ya FUS, ambayo mabadiliko katika jeni yake husababisha baadhi ya visa vya ALS, ugonjwa unaoua seli za neva zinazoendesha misuli. FUS ikiachwa peke yake hujikusanya mapema, kwa hiyo aghalabu hutengenezwa ikiwa imeunganishwa na MBP, protini inayoyeyuka vizuri na kuishikilia majini, kisha kimeng'enya cha TEV hukata kiungo hicho wakati wa jaribio lenyewe. Kabla ya kuanza, zungusha akiba yako ya protini kwenye sentrifyuji kwa kasi kubwa na uchukue maji ya juu tu, kwa sababu chenga zilizokuwamo tangu mwanzo zitakudanganya baadaye. Anza na FUS ya mikromola 5 katika bafa (maji yanayodhibiti kiwango cha asidi) yenye chumvi ya milimola 150, ongeza TEV, na uandae sampuli ya pili isiyotiwa TEV. Sampuli hiyo ya pili ikiingia ukungu pia, simama hapo hapo: tatizo liko kwenye protini.

Kioo cha slaidi kinahitaji uangalifu ambao maelekezo mengi huupitia juu juu. Kisipopakwa albumini au polietilini glikoli, vitone hutandaa juu yake na kuonekana kama madoa bapa yasiyosogea. Mimi nilipoteza wiki nzima nikiamini kwamba protini yangu imeganda, kumbe kosa lilikuwa kioo. Vilevile, usikimbilie kutia polietilini glikoli ndani ya sampuli yenyewe ili kuigiza msongamano wa seli. Kwa kiasi cha kutosha huweza kuzisukuma hata protini zisizo na tabia hiyo zitengane na maji na kuwa vitone.

Kipimo cha kwanza ni muungano. Tafuta vitone viwili vinavyogusana, rekodi video, na upime uwiano wa urefu kwa upana hadi ufikie 1. Muda wa kurudi kwenye mviringo huongezeka kadiri vitone vinavyokuwa vikubwa, na mwinamo wa uhusiano huo ni uwiano wa mnato kwa mvutano wa uso.

Kipimo cha pili ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa mara nyingi zaidi. Mtengano wa kweli, yaani protini kujitenga na maji na kuwa vitone vya kimiminika, una kizingiti cha ukolezi: chini yake hakuna vitone, na juu yake protini ya ziada huingia kwenye vitone huku ukolezi wa maji yanayovizunguka ukibaki karibu palepale. Andaa mfululizo wa mikromola 1, 2, 4, 8 na 16, tenganisha vitone kwa sentrifyuji, kisha upime FUS iliyobaki juu. Usitegemee ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 280, kwani MBP iliyokatwa bado imo majini na hufyonza mwanga huo huo. Tumia jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, au FUS iliyotiwa rangi. Mchoro ukipanda kisha ukalala, umepata kizingiti.

Kwa kipimo cha tatu, tia rangi asilimia chache tu ya protini, kisha pausha kwa leza, yaani zima mng'ao wa rangi, katika duara dogo katikati ya kitone kikubwa. Mng'ao ukirudi upesi, molekuli zinachanganyika ndani kwa ndani. Ukipausha kitone kizima unapima jambo jingine, yaani ubadilishanaji na maji ya nje, na wengi huyachanganya haya mawili. Rudia baada ya saa 1, 4, 8 na 24, kwa sababu vitone vya FUS huzeeka na kugeuka nyuzi, na mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba badiliko la asidi amino moja ya FUS liitwalo G156E, lililopatikana kwa mgonjwa, huharakisha mgeuko huo.

Ukihamia kwenye seli hai, usizalishe protini kupita kiasi chake cha asili, maana utakuwa umevuka kizingiti kwa mkono wako mwenyewe. Ni afadhali kuunganisha alama ya mng'ao kwenye jeni ya seli yenyewe kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni. Kuhusu 1,6-heksanedioli, kemikali ambayo wengi huimwaga juu ya seli ili kuona kama vitone vitayeyuka, itumie kwa shaka: huharibu utando wa seli na kuzuia vimeng'enya vinavyotia na kuondoa fosfati, hivyo kitone kinaweza kutoweka kwa sababu isiyohusiana na ukimiminika wake. Iwapo kizingiti hakikupatikana, ripoti yako iandike "kikusanyiko" bila kutaja namna kilivyoundwa, hata kama video ya muungano inavutia.