Kete sita za bao: jinsi ya kufuata raga ya watu 13 ukiwa Mombasa

Ukitaja raga hapa Mombasa, mtu anafikiria wachezaji saba au kumi na watano. Mwambie kuna nyingine ya watu 13, kwa Kiingereza rugby league, atakuuliza, "Hiyo inachezwa wapi tena?" Mimi nilikuwa winga wa raga ya saba pale uwanja wa Mombasa Sports Club misimu minne, na hiyo ya 13 sikuijua mpaka shangazi yangu aliyeolewa Leeds, Uingereza, aliponipigia simu siku ya fainali, kelele nyuma yake kama za harusi. Tangu hapo kila mwaka nawakusanya watu sebuleni kwetu Tudor, wanawake kwa wanaume, tukatazama pamoja. Mgeni wa mchezo huu hukwama palepale walipokwama wenzake, basi haya ndiyo ninayomwambia.

Kwanza tafuta kete sita. Mimi huziazima kwenye bao la ami yangu, naye hunihesabia zikitoka na zikirudi. Zipange mezani mbele ya mgeni, safu moja. Timu yenye mpira ina nafasi sita za kukabwa. Kila mchezaji anapoangushwa na mpira mkononi, toa kete moja. Aliyeangushwa anasimama, anauweka mpira chini, anausukuma nyuma kwa mguu, mwenzake anauokota, mchezo unaendelea. Hakuna rundo la watu kugombea mpira chini kama kwenye raga ya 15, wala hakuna wanaoinuliwa juu kudaka mpira uliorushwa kutoka pembeni. Kete ya sita ikitoka, mpira ni wa wapinzani. Ndiyo sababu kete ya tano ikishatoka utaona mtu anaupiga mpira kwa mguu, mbali au juu: anajua hauwezi kubaki kwake. Refa akiwaadhibu walinzi kwa kuhesabu upya, rudisha kete zote sita.

Usimweleze mgeni sheria nyingine kabla ya hapo. Nimejaribu kuanza na historia, nimejaribu kuanza na pointi, watu wanasinzia. Ukimpa kete azitoe yeye mwenyewe, dakika ya kumi anapiga kelele, "Imebaki moja! Ipige!" Hapo keshaingia. Pointi atazijua njiani: trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, ni nne, mkwaju baada ya trai ni mbili, adhabu ikipigwa langoni mbili, na mpira wa kudundisha chini ukapigwa kati ya milingoti ni moja. Mechi ni dakika 80.

Sasa mashindano yenyewe. Hapa ndipo watu wanapochanganya, kwa sababu mchezaji yuleyule unamwona na jezi tatu tofauti ndani ya mwaka mmoja. Mimi huwaambia waulize swali moja tu: huyu leo anachezea mshahara, anachezea alikokulia, au anachezea damu yake?

Mshahara ni klabu, na kombe la klabu lenye heshima kuliko yote ni Challenge Cup ya Uingereza. Ni la mtoano, ukifungwa umekwenda nyumbani. Fainali ya kwanza ilikuwa mwaka 1897 pale uwanja wa Headingley, Leeds, Batley wakawafunga St Helens 10 kwa 3. Miaka miwili kabla ya hapo, 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana hotelini Huddersfield zikajitenga na chama cha raga, kwa sababu wachezaji wao walikuwa watu wa migodi na viwanda, wakicheza Jumamosi wanakosa ujira, na wakubwa wa chama walikataa walipwe fidia. Hilo mtu wa Mombasa halihitaji maelezo marefu. Mwulize kuli yeyote wa bandarini siku aliyokosa kazi inamgharimu nini. Sheria za watu 13 zilikuja baadaye, 1906. Fainali ilihamia uwanja wa Wembley, London, mwaka 1929.

Fainali ya wanawake ilifika Wembley mwaka 2023 tu. St Helens waliwafunga Leeds 22 kwa 8, na shangazi alilia kwenye simu, kwa furaha ya kuwaona pale na kwa uchungu wa kufungwa, yote pamoja. Tangu hapo wanawake na wanaume wanacheza siku moja, uwanja mmoja. Sheria ya nyumba yangu ni kwamba anayetaka fainali ya wanaume aje tangu ya wanawake. Sikubali mtu anayeingia mlangoni akiuliza "ya kweli" inaanza saa ngapi. Mwaka 2025 aliyechelewa aliwakosa wanawake wa Wigan wakiwavua St Helens taji walilolishika miaka minne mfululizo, 42 kwa 6.

Alikokulia ni State of Origin, kule Australia, Queensland dhidi ya New South Wales. Zamani mchezaji aliwakilisha jimbo la klabu yake, na pesa zilikuwa Sydney, kwa hiyo watoto wa Queensland walikuwa wakivaa jezi ya jirani na kuwafunga ndugu zao. Mwaka 1980 wakajaribu mechi moja ambapo kila mtu anarudi kwao. Arthur Beetson, mkongwe aliyekuwa akichezea klabu ya Sydney, akawaongoza Queensland, akamkabili bila huruma Mick Cronin, mwenzake wa klabu moja. Queensland walishinda 20 kwa 10. Tangu 1982 ni mechi tatu kila mwaka. Ya wanawake ilipata jina hilo 2018 kwa mechi moja, ikawa mbili 2023, na tatu tangu 2024. Jezi hazikosewi: Queensland ni damu ya mzee, New South Wales ni buluu ya anga. Mimi ni wa damu ya mzee, na atakayekuja kwangu na leso ya buluu nitamkaribisha, lakini atakaa upande wa dirisha.

Damu ni timu za taifa na Kombe la Dunia. La wanaume lilianza Ufaransa 1954, la wanawake mwaka 2000. Mchezaji anaweza kuwakilisha nchi ya wazazi au ya babu na bibi. Ndivyo Samoa, nchi ndogo ya visiwa, walivyofika fainali Novemba 2022 na wachezaji wengi waliozaliwa Australia na New Zealand. Nusu-fainali waliwatoa Uingereza 27 kwa 26 katika muda wa ziada, kwa mkwaju wa Stephen Crichton. Katika muda huo, anayetangulia kufunga ndiye mshindi, kwa hiyo asiinuke mtu kwenda jikoni. Fainali walifungwa na Australia 30 kwa 10 pale Old Trafford, na siku hiyohiyo wanawake wa Australia waliwafunga New Zealand 54 kwa 4.

Kuhusu saa, niamini, nimeungua. Mwaka wa kwanza wa Origin niliona kwenye ratiba "20:05", nikaalika watu tisa saa mbili usiku. Mpwa wangu akaja kutoka Kongowea na sambusa arobaini. Tukawasha runinga, mechi ilikuwa imekwisha tangu alasiri. Ile saa ilikuwa ya Brisbane, ambayo iko saa saba mbele yetu. Kwa hiyo Origin ni mchana, saa saba na kitu, mara nyingi katikati ya wiki. Aliye kazini aombe ruhusa mapema. Uingereza wakati wa kiangazi sisi tuko mbele kwa saa mbili, wakati wa baridi saa tatu. Andika saa kwa Kiswahili kwenye ujumbe unaowatumia watu, na uongeze "mchana" au "jioni".

Fainali ya Wembley ikianza saa tisa alasiri kwao, kwetu ni saa kumi na moja jioni, maana yake maghrib inaingia mechi ikiwa kipindi cha pili. Mwaka 2025 Hull KR walikuwa nyuma ya Warrington 6 kwa 2, na wanaume watatu wakatoka kwenda msikitini. Dakika mbili kabla ya mwisho Tom Davies akafunga trai, Mikey Lewis akapiga mkwaju ukapita, 8 kwa 6, na klabu iliyokuwa haijapata taji kubwa tangu 1985 ikalipata. Waliporudi walikuta sisi tumekumbatiana. Siku hizi natandika mikeka chumba cha pili, tunaswali jamaa papo hapo, na mmoja wa watoto anabaki na kete.

Usitegemee mkahawa. Mmoja niliwahi kukubaliana nao wiki nzima, tumefika, runinga ikageuzwa kwenye mpira wa miguu kipindi cha pili. Nyumbani kwa mtu, intaneti ikiwa imara, viazi karai na ukwaju, kahawa chungu kwenye dele, inatosha.

Na mchezo ukishamkaa mtu rohoni, mpeleke pwani. Maji yakipwa Nyali mchanga ni mgumu na mpana. Gaweni wasichana na wavulana pande mbili, msikabane, gusaneni tu kwa mikono miwili. Mguso wa sita mpira unageuka. Walinzi warudi hatua kumi kila mguso. Weka mtu mmoja pembeni na zile kete, ami anazitaka kabla ya isha.