SOMO: Kuunda kifaru cha mfano cha plastiki, Type 59 cha skeli ya 1/35 (kidogo mara 35 kuliko cha kweli), na kukichakaza kionekane kimetoka Kagera

Wakuu, swali hili nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe na ana kwa ana hapa Arusha mpaka nimechoka. Leo naliandika lote. Atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Swali lenyewe: "Kwa nini kifaru changu kinaonekana cha kuchezea wakati uchafu nimeupaka wa kutosha?" Kwa sababu umeupaka sawasawa kila mahali. Gari la vita halichakai hivyo. Kila doa lina chanzo: mguu wa askari, mafuta yaliyomwagika, moshi, tope lililorushwa na mnyororo. Kama huwezi kuniambia doa limetoka wapi, liondoe.

Nimechagua Type 59, kifaru cha China kilichotokana na T-54 ya Umoja wa Kisovieti, kwa sababu jeshi letu lilikitumia katika vita vya Kagera vya 1978–79. Ukikosa seti yake, T-55 ya kampuni ya Tamiya itakufundisha kazi ileile. Usiiite tu Type 59. Type 59 ina kibonge cha duara cha kupitishia hewa juu ya kichwa (ile sehemu ya juu inayozunguka na mtutu), mbele ya mfuniko wa upande wa kulia. T-55 haina.

1. Osha fremu zote (vijiti vya plastiki vilivyoshikilia vipande) kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Acha zikauke.

2. Kata vipande kwa koleo ndogo, acha kikonyo kidogo, kisha kimalizie kwa wembe na msasa namba 400, halafu 800.

3. Unga. Tumia gundi ya plastiki ile ya majimaji, ambayo huyeyusha nyuso mbili zikashikana kuwa kitu kimoja. Supa gluu iwe ya vipande vya chuma tu. Kwenye plastiki inashika haraka lakini ikigongwa inaachia. Vijiti vya fremu usitupe, nitavirudia.

4. Minyororo. Kifaru hiki hakina vigurudumu vya juu vya kubeba mnyororo. Mnyororo wa juu unalala wenyewe juu ya magurudumu makubwa, na kati ya gurudumu la kwanza na la pili kuna pengo pana kuliko mengine. Ukiuacha umenyooka kama uzi wa kuanikia nguo, umeshaharibu kifaru kizima kabla hujafungua rangi. Ubandike ulale juu ya magurudumu, ushikilie kwa vipande vya sponji mpaka gundi ikauke.

5. Praima na rangi ya kwanza. Praima, yaani rangi ya msingi, iwe nyepesi, mikono miwili (tabaka mbili). Msinunue thina ya mafundi rangi wa magari mkaifanya ya kupunguzia rangi ya plastiki. Plastiki hii ni polistirini na thina ile inaiyeyusha. Rangi za kopo za magari nazo zina kiyeyushi cha aina hiyo: ukipuliza nzito, plastiki inakunjamana na hakuna dawa. Juu ya praima pakeni kahawia ya kutu iliyoiva, halafu vanishi, na muiache usiku kucha.

6. Kubandua rangi kwa sprei ya nywele. Hapa someni polepole. Ndipo nilipoharibu kifaru changu cha kwanza, na ndipo wengi wenu mnapoharibu.

Wazo ni rahisi. Juu ya ile kahawia unapuliza sprei ya kushikilia nywele, juu yake unapaka kijani cha akriliki, kisha unalowesha kwa maji. Maji yanapenya kwenye kijani, yanalainisha sprei iliyo chini, na ukigusa kwa brashi kijani kinabanduka vipande vidogo, kahawia inaonekana. Inatoka kama rangi iliyochubuka kweli, kwa sababu imechubuka kweli.

Tatizo la kwanza ni sprei yenyewe. Saluni zetu nyingi, ukiomba sprei ya nywele unapewa ya kung'arisha, ile yenye mafuta. Hiyo hapana. Mafuta hayayeyuki kwenye maji, na rangi ya akriliki haishiki juu yake. Inakusanyika matone matone, na baadaye inabambuka kama ngozi ya malengelenge. Unataka ile ya kushikilia mtindo, ambayo ikikauka kidoleni inanata na kukakamaa, na ukinawa kwa maji inatoka. Jaribu kidoleni palepale dukani kabla hujalipa. Muuzaji akikukatalia kujaribu, nenda duka la pili.

La pili: kijani kipunguze kwa maji, si kwa thina kali. Thina kali inaichanganya rangi na sprei pamoja, na baada ya hapo utasugua mpaka kesho.

La tatu ni muda. Puliza sprei mikono miwili myepesi, subiri kama dakika 15, paka kijani chepesi, na kikishakauka kwa kugusa anza kazi ndani ya saa moja. Usikilaze mpaka asubuhi. Moshi kuna joto kuliko huku, rangi inawahi kukauka, kwa hiyo wa Moshi anzeni mapema zaidi. Arusha mwezi wa Juni na Julai ni kinyume chake: baridi inachelewesha, ukikimbilia unang'oa karatasi nzima ya rangi.

La nne, wapi pa kubandua. Kingo za mifuniko anapokanyaga askari akiingia. Pembe za mbele za madigadi, maana ni bati jembamba na ndizo zinazogonga miti. Njia ya mguu kutoka mbele kupanda kichwani. Katikati ya mtutu hakuna anayekanyaga, kwa hiyo usipaguse. Lowesha sehemu ndogo, subiri nusu dakika, kisha donoa kwa brashi fupi ngumu au kijiti cha meno. Donoa, usisugue. Acha mapema kuliko unavyotamani.

Ukimaliza, kausha na upige vanishi siku hiyohiyo. Sprei iliyobaki chini bado inayeyuka kwa maji. Usipoifunga, hatua ya vumbi itakubandulia zaidi bila kukuuliza.

Neno kuhusu kutu. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Hiyo ni miezi michache. Gari lililokuwa likitunzwa na kutembea haliozi matundu kwa muda huo. Kutu nzito iweke kwenye ekzosi na kwenye minyororo. Kwingine ni mikwaruzo tu.

7. Madoa. Rangi ya mafuta ya wachoraji, ile ya tubu. Arusha ina wachoraji wengi wanaouzia watalii, muulize mmoja anakonunua. Kamulia juu ya kadibodi kwanza inyonye mafuta, ndipo uipunguze kwa tapentaini. Sasa angalieni vizuri: ekzosi ya kifaru hiki inatokea kwenye digadi ya kushoto, karibu na nyuma. Matangi ya nje ya mafuta yako juu ya digadi ya kulia. Basi masizi meusi ni kushoto, madoa ya dizeli yanayong'aa ni kulia, kuzunguka vifuniko vya kujazia. Kila mwezi naona kifaru chenye masizi pande zote mbili.

8. Vumbi na tope. Chaki za shule zilizosagwa kwa msasa zinatosha. Udongo wa bustani unafaa kwa tope tu, na lazima uupitishe kwenye soksi ya nailoni, kwa sababu chembe ya milimita 1 katika skeli hii ni jiwe la sentimita 3.5.

Rangi ya vumbi ndiyo inayosema gari lilikuwa wapi. Udongo wa kwetu chini ya Meru ni wa volkano, mweusi unaoelekea kijivu. Ukikipaka huo kifaru cha Kagera umekihamishia Ngaramtoni. Kule Kagera ardhi ni nyekundu. Changanya chaki nyekundu na ya kahawia, na ya manjano kidogo. Kama unataka kifaru cha mapigano ya Lukaya, Uganda, Machi 1979, barabara pale inapita katikati ya kinamasi, kwa hiyo weka vumbi jekundu lililokauka juu, na tope jeusi bichi chini kwenye magurudumu. Tope ni jasi, chaki na gundi nyeupe ya mbao. Kumbuka jasi ikikauka rangi inapauka, hivyo ichanganye ikiwa nyeusi kuliko unavyotaka.

Mwisho, penseli ya 6B kwenye kingo za minyororo zinazogusa ardhi na pale ndani magurudumu yanapopita. Chuma kinachosuguliwa kila siku hakina kutu, kinang'aa.

Maswali hapa chini. Someni kwanza.

---

Mdau wa Sakina: Mkuu, nimetumia rangi ya kopo ya gari, plastiki imekunjamana. Nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Mdau wa Sakina: Nimeisoma, nauliza kama kuna namna ya kuokoa.

Mwandishi: Kama ni juu juu, msasa 400 na maji, kisha fila (uji wa kuziba mianya), kisha praima. Kama mistari ya kuchomelea imeshayeyuka, kifanye kifaru cha mazoezi ya hatua ya 6. Hakijapotea, kila mtu anahitaji kimoja cha kujaribia.

Mdau wa Njiro: Hiyo fila nanunua ya magari au kuna ya plastiki? Na umesema utarudia vijiti vya fremu, hujarudia.

Mwandishi: Asante dada kwa kusoma mpaka mwisho. Jibu la yote mawili ni moja. Vikate vijiti vipande vidogo sana, vitie kwenye kichupa cha kioo, mimina asetoni ya kufutia rangi ya kucha. Soma lebo, iwe asetoni hasa, kuna nyingine hazina. Kesho yake utakuta uji. Huo ndio fila bora kwa mianya, kwa sababu ni plastiki ileile. Ikikauka inapigwa msasa sawa na mwili wa kifaru. Paka kidogo, acha siku nzima. Fungua dirisha na uwe mbali na jiko.

Mdau wa Majengo, Moshi: Vanishi yangu ya mati (isiyong'aa) imetoa ukungu mweupe juu ya kifaru chote. Nilipuliza juzi wakati wa mvua.

Mwandishi: Umejijibu mwenyewe, ni unyevu. Masika usipulize vanishi jioni wala mvua ikinyesha. Subiri mchana wenye jua, uweke kopo kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, si ya moto, kopo linaweza kupasuka. Huo ukungu jaribu kupuliza tena vanishi ya kung'aa, nyepesi, siku kavu. Mara nyingi unatoweka. Kisha rudia mati.

Mdau wa Kaloleni: Kaka mbona unatufundisha vitu vigumu hivyo, si unapaka tu tope na mambo yanaisha? Mimi nilipaka kahawia yote na watu wanasifia.

Mwandishi: Kama umeridhika, endelea. Somo hili ni la aliyeniuliza kwa nini chake hakiridhishi.

Mdau wa Kaloleni: Usikasirike.

Mwandishi: Sijakasirika. Nimeandika mistari mingi kueleza kwa nini tope lisiwe kila mahali, na wewe unaniuliza kwa nini lisiwe kila mahali.

Mdau wa Usa River: Shikamoo mkuu. Nipo kidato cha tatu, sina eabrashi (bomba dogo la kupulizia rangi) wala kompresa. Kubandua kwa sprei kunawezekana kwa brashi ya mkono?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu. Inawezekana, ila kwa uangalifu: brashi yenye maji ya rangi ikipita mara mbili inaanza kuyeyusha sprei kabla ya wakati. Pita mara moja, brashi pana na laini, usirudie. Au acha sprei kabisa, utumie sponji. Chana kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, chovya kwenye kahawia nzito, kamulia karibu yote kwenye karatasi, kisha gusagusa kingo. Inatoa michubuko midogo isiyolingana, na haigharimu kitu. Kabla hujaanza, nenda usimame nusu saa kwenye gereji ya malori pale Unga Limited au popote karibu nawe. Tazama ngazi ya mlango wa Fuso, rangi imeishia wapi na chuma kimeanzia wapi. Chora kwenye daftari. Utajifunza kuliko picha nilizonazo mimi.

Mdau wa Usa River: Nimetazama leo lori la mchanga hapa kwetu. Kwenye ngazi katikati ni chuma cheupe kabisa, pembeni kahawia, halafu rangi.

Mwandishi: Hapo umeona jambo ambalo wengi hapa hawajaliona. Katikati mguu unapita kila siku kwa hiyo kutu haipati nafasi. Pembeni rangi imetoka lakini hapasuguliwi, ndipo kutu inakaa. Fanya hivyohivyo kwenye mfuniko wa dereva: penseli katikati, kahawia kuizunguka, kijani nje.

Mdau wa Majengo, Moshi: Ukungu umetoka mkuu, asante sana. Sasa nataka kukileta Arusha nikuonyeshe, lakini Coaster zinarusha. Mnafungaje?

Mdau wa Njiro: Mimi nilijaza pamba, antena na vishikio vyote vikang'oka.

Mwandishi: Pamba hapana, inanasa kila kitu na inafuta chaki. Kitu kisiguse kifaru kwa juu kabisa. Toboa matundu mawili kwenye kipande cha ubao, pitisha skrubu kutoka chini ziingie kwenye tumbo la kifaru, ambako ulibandika nati kabla hujafunga bodi. Kama ulishafunga, funga utepe wa kitambaa juu ya magurudumu ya kati, pande zote mbili, uukaze chini ya ubao. Kichwa kichomoe ukisafirishe peke yake. Ubao uubandike chini ya boksi, na boksi ulipakate mwenyewe, usimpe kondakta aliweke kwenye buti.