Afisa Akija Kumwona Mzee Wako

Mavyaa aliulizwa, "Unaoga mwenyewe?" Akajibu, "Naoga mwenyewe, alhamdulillahi." Asubuhi ile ile mimi ndiye niliyemwogesha, nikamkausha baina ya vidole vya miguu, nikamvisha. Lakini bibi wa Kiunguja atamwambia mgeni kuwa anachambishwa? Afisa ustawi wa jamii akaandika alichosikia. Tukakosa msaada.

Kwa hiyo, wewe unayemtunza mzee hapa Scotland, anza na daftari kabla hujaipigia simu halmashauri kuomba tathmini ya mahitaji yake. Andika wiki nzima, na usiandike "anahitaji msaada", maana hilo halimwambii mtu kitu. Andika: saa nane usiku kaamka, kalowa, tumebadilisha shuka. Andika vifungo vimemshinda, dawa kazinywa mara mbili, kuinuka kitini kumechukua dakika ngapi. Siku mbaya ndizo za kuelezwa zaidi, kwa sababu mgeni akija mzee hujikaza.

Siku yenyewe mwache mzee ajibu atakavyo, usimkatize wala usimwaibishe. Kisha mwombe afisa mzungumze kando, umpe daftari. Omba mkalimani pia. Mjukuu wa miaka kumi na mbili hafai kutafsiri habari za choo cha bibi yake.

Tangu Julai 2002, aliyefika miaka 65 huku halipishwi matunzo ya mwili akithibitika kuyahitaji, na tangu Aprili 2019 hata walio chini ya umri huo. Hawatazami akiba yake, wanatazama haja. Jamaa wa Leicester wasikuchanganye: kule England mwenye zaidi ya pauni 23,250 kwa kawaida hujilipia. Huku Scotland, kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kulishwa na hata kutayarishiwa chakula kumo katika matunzo hayo ya bure. Kwenda dukani na kufagia nyumba huenda mkatozwa.

Mkikubaliwa mtapewa njia nne: kupokea fedha mkaajiri wenyewe, kuchagua nyinyi huku halmashauri ikishika fedha, kuiachia halmashauri ipange yote, au kuchanganya. Sisi tulichukua ya kwanza, kwa sababu mavyaa hakubali kuvuliwa nguo ila na mwanamke, na tulitaka awe yule yule kila siku. Jamaa wa karibu pia anaweza kuajiriwa, lakini kwa masharti, kwa hiyo ulizeni mapema. Nawe mtunzaji una haki ya kupangiwa msaada wako mwenyewe kwa sheria ya watunzaji ya Scotland ya 2016. Mimi nilichelewa kuomba, mpaka mgongo ukanikumbusha.

Mhudumu akianza, muonyeshe kila kitu siku ya kwanza. Mimi nilibandika karatasi mlangoni mwa bafu: maji kwanza, karatasi baadaye. Wetu hakuwahi kuona kopo la kuchambia maishani mwake. Sasa akiingia tu, hata koti hajavua, analijaza.