Kuandika blogu binafsi: chagua kitu kimoja cha mtaani kwako ukiangalie mwaka mzima

Watu wengi wanaotaka kuanza blogu wanakwama kwenye swali la niandike nini, afu wanalijibu kwa kuchagua mada kubwa, maisha, mapenzi, mafanikio, uongozi, na baada ya posti chache wanaishiwa, sababu mada kubwa huwezi kuamka asubuhi ukaenda kuiangalia kwa macho. Mi nashauri uende kinyume. Chagua kitu kidogo kilichopo karibu na unapolala, kitu unachoweza kukiona kila siku bila kulipa nauli, afu kaa nacho muda mrefu.

Nasema hivyo sababu uzuri wa kila siku mara ya kwanza hauonekani wote, unaona picha tu. Chukua mfano wa hapa kwetu Mwanza. Mgeni akisimama ufukweni usiku anaona taa nyingi ziwani, anapiga picha, anasema pazuri, anaenda kulala. Ila wewe unayeandika kila wiki utagundua kuna siku taa hazipo kabisa, utaanza kujiuliza, utawauliza wavuvi, na watakwambia dagaa wanavuliwa gizani, taa ndo inayowavuta waje juu, mwezi ukiwa mkubwa taa inakosa nguvu kwahiyo mitumbwi mingi inapumzika na watu wanakaa wanashona nyavu. Ukienda sokoni siku hizohizo unakuta dagaa wabichi wameadimika na kisado, kile kindoo cha kupimia, kimepanda bei. Na ukizidi kuangalia utaona yale mawingu ya vidudu yanayoinuka juu ya maji nayo yanajitokeza zaidi mwezi unapoandama. Yaani mwezi wa angani, taa ya mvuvi, bei ya kisado na mboga ya nyumbani kwako jioni vyote vinaongea habari moja. Hapo hakuna aliyekuletea somo, umeliona mwenyewe sababu ulikuwa unaandika, na furaha ya siku hiyo mi sijaipata kwenye kitu kingine chochote.

Uchague nini sasa

Inaweza kuwa kituo cha daladala, genge la mboga, fundi cherehani wa kona, uwanja wa chandimu, njia anayopita mwanao kwenda shule, au jiko lako mwenyewe kama hutoki sana nyumbani. Inaweza kuwa mti mmoja tu. Arusha mijakaranda inachanua Oktoba na Novemba, mkrismasi unawaka mwekundu kuelekea Desemba, na ukiuandika mti huo kuanzia umepukutika mpaka unachanua utakuwa umeandika pia watu wote wanaokaa kwenye kivuli chake. Mi naangalia mambo matatu tu, kwamba nakifikia kwa miguu, kwamba kinabadilika, na kwamba kina watu. Kikikosa watu utachoka haraka, hilo naliamini sana, uzuri wa mtaani haukai mbali na mikono ya watu.

Usichague kitu sababu kitapendeza kwenye picha. Chagua kile ambacho ukipita bila kukiona unahisi kuna kitu kimepungua.

Jinsi ya kuandika kumbukumbu

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Kila siku, siku hiyohiyo kabla hujalala, andika mistari michache kwenye daftari au kwenye simu, saa ngapi, hali ya hewa, bei ya kitu kimoja, sauti moja uliyosikia, neno moja alilosema mtu kama alivyolisema, na kitu kimoja ambacho jana hukukiona. Bei usiidharau jamani, bei ya kisado cha dagaa au ya fungu la nyanya leo inaonekana kitu cha kawaida, ukiisoma baada ya miaka mitano inakurudishia siku nzima. Kama kuandika kwa vidole kunakuchosha, jirekodi sauti kwenye WhatsApp ukiwa unatembea, jitumie mwenyewe, afu usiku sikiliza uandike. Watu wa kazi za zamu, walinzi, manesi, madereva, njia hii inawafaa sana.

Mara moja kwa wiki, chagua siku yako, mfano Jumapili jioni nyumba ikitulia, soma mistari ya wiki nzima utafute ile moja inayokuvuta. Moja tu. Hiyo ndo posti. Zilizobaki ziache daftarini, zitafanya kazi siku nyingine, na usijilaumu kwamba umeandika mengi umetumia kidogo, daftari ni mali.

Sasa jinsi ya kuiandika. Usiseme "leo ziwa lilikuwa zuri sana nimefurahi", sababu msomaji hajaona chochote hapo, ameambiwa tu afurahi. Andika kilichokufurahisha, mfano, "Saa kumi na mbili kasoro mitumbwi ilikuwa inaingia na taa zimezimwa, mama mmoja amevua kandambili ameingia maji ya magotini, anauliza kisado leo bei gani kabla hata kamba haijafungwa." Humo hakuna neno zuri wala furaha, ila vyote viwili vipo. Ukimaliza posti pitia utafute maneno kama nzuri, ajabu, ya kipekee, jiulize kila moja limebeba nini, na kama halina kitu lifute. Andika kama unavyomsimulia dada yako kwenye simu. Kama kwenu mnasema "saizi" andika saizi, blogu ni yako, na lugha ya mtaani kwako nayo ni sehemu ya uzuri unaoutunza. Urefu wa maneno mia tatu mpaka mia tano unatosha kabisa.

Afu kuna siku nzito. Kuna wiki utakuwa na msiba, au umefukuzwa kazi, au mtoto anaumwa. Nashauri uendelee kuandika daftarini ila usiposti haraka. Andika yale madogo, nani alileta maturubai, sufuria za nani zilipikia wali, nani alikaa kimya pembeni yako mpaka saa nane usiku. Kinachoandikwa kwa hasira au kwa kilio kiache kwenye rasimu kilale hata siku mbili tatu, afu amua. Mara nyingi utakuta kile kilio bado kinafaa kusomwa na ile hasira haifai.

Heshima kwa watu unaowaandika

Hili siwezi kulipita haraka. Uzuri wa mtaani ni maisha ya watu, na wale watu hawajakuomba uwaweke mtandaoni. Kwahiyo omba, tena omba vizuri, "Shikamoo mama, mimi naandikaga habari za hapa kwetu, ile stori ya jana ya jinsi unavyoanika dagaa naomba niiandike, jina lako niweke au nisiweke?" Akisema hapana basi ni hapana, na usimuulize mara ya pili. Akisema sawa, ukishaandika rudi umsomee, watu wanafurahi sana kusomewa habari zao na mara nyingi watakusahihisha jambo ambalo peke yako usingelijua. Usiandike madeni ya watu, magonjwa yao wala ugomvi wa ndani. Watoto wa wenzio usiweke sura zao. Na ukumbuke ni suala la sheria pia, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya kwao ya 2019, ila mi naona hata kama sheria isingekuwepo heshima ingetosha.

Kufungua blogu yenyewe

Hii ni sehemu nyepesi, watu wanaiogopa bure. Blogger ipo tangu 1999, Google waliinunua 2003, ni bure na ukiwa na akaunti ya Gmail unafungua kwa muda wa kuchemsha chai. WordPress ilianza 2003 na ile ya WordPress.com nayo ina sehemu ya bure. Zote zinafanya kazi kwenye simu. Chagua muonekano mweupe wenye maandishi makubwa, afu acha kugusagusa muonekano, muda huo upeleke kwenye kuandika.

Na usione kwamba blogu ni mambo ya wageni, Kiswahili kina historia yake humu. Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kublogu kwa Kiswahili, na ndiye aliyemwingiza mpiga picha Issa Michuzi kwenye mambo haya walipokutana Helsinki mwaka 2005. Blogu ya Michuzi ikawa mahali ambapo Watanzania walioko mbali wanaingia kila asubuhi kuangalia nyumbani kumeamkaje, harusi, misiba, barabara iliyojaa maji. Vitu vya kila siku tu, na watu walivisoma kwa kiu.

Kwa aliyeko Tanzania kuna jambo la kuangalia kabla hujaanza. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu kujisajili TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kulipa ada ambazo kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2, na wapo waliofunga blogu zao kipindi kile. Kanuni hizo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwahiyo usitegemee ulichosikia kwa mtu, soma toleo la sasa kwenye tovuti ya TCRA au nenda ofisini kwao ukaulize blogu ya maisha binafsi isiyo ya habari inahesabiwaje. Kama bado hujaelewa, anza na daftari, au andika kwa ajili ya ndugu na marafiki wachache. Kazi ya kuangalia haisubiri leseni.

Picha weka moja au mbili. Picha ya simu ya siku hizi inaweza kufika MB kadhaa na mtu anayesoma kwa bando la jero ataiacha kabla haijafunguka, kwahiyo ipunguze kwanza, njia rahisi ni kujitumia WhatsApp kama picha ya kawaida halafu uihifadhi tena, inashuka sana. Zima pia ile sehemu ya kamera inayoandika mahali ulipo ndani ya picha, hasa ukipigia nyumbani.

Kusudi linakuja lini

Watu wanapenda kulipata mwanzoni, waandike kwenye ukurasa wa "kunihusu" kwamba lengo la blogu hii ni hili na lile. Acha huo ukurasa na mistari miwili tu, jina unalotaka kuitwa na unaandika kuhusu nini. Kusudi linakuja baadaye, na mara nyingi linakuja pale unapogundua kwamba kuna kitu usipokiandika wewe hakitaandikwa na mtu mwingine.

Angalia kivuko cha Kigongo na Busisi. Miaka na miaka watu wa Mwanza, Sengerema na Geita walivuka pale, foleni ya masaa, magari yamepangana, wauza samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma na karanga wanakimbia dirisha hadi dirisha, wagonjwa wanasubiri, maharusi wanasubiri. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, sasa gari linapita dakika chache. Daraja ni jema, mwenye mgonjwa kwenye gari anaijua thamani yake kuliko mtu yeyote. Lakini yale maisha ya foleni, wale kina mama na sahani zao, bei zao, maneno yao ya kumwita abiria, nani aliyeyaandika? Daraja lina picha za kila upande na hotuba zake zimehifadhiwa. Mtu mmoja mwenye simu aliyekuwa anaandika mistari mitano kila anapovuka leo angekuwa ameshika kitu ambacho hakuna ofisi inacho. Na pale mtaani kwako kuna kivuko cha aina hiyo, kipo leo, na unakipita.

Ukishaliona hilo suala la wasomaji linapungua uzito. Takwimu za blogu zifungue mara moja kwa mwezi, zaidi ya hapo zitakuhamisha uanze kuandika kile kinachopigiwa makofi. Komenti weka zipitie kwako kwanza kabla hazijaonekana, na anayekuandikia kwa kujali mjibu, hata kama ni yule mmoja tu aliyeko mbali anayesema umenikumbusha harufu ya nyumbani. Mwandikie yeye.

Jambo la mwisho ni kutunza. Simu zinaibiwa, akaunti zinafungwa, nywila zinasahaulika. Kwenye Blogger ingia mipangilio utafute sehemu ya kuhifadhi nakala, kwenye WordPress ni kwenye zana, unapakua faili moja lenye posti zako zote, jitumie kwa imeili na nakala nyingine weka kwenye flashi. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi. Zile posti unazozipenda zaidi kaziprinti stesheneri, uziweke kwenye faili pale sebuleni ambapo bibi na watoto wanaweza kuzifikia bila bando.