Jani la ngano likiwa na vidoti vikavu, usikimbilie dawa

Ukiona vidoti vidogo vikavu kwenye jani la ngano, geuza jani na ulipanguse kwa kidole kabla ya kushika bomba la dawa. Kidole kisipotoka na unga wa rangi ya kutu, huenda mmea unajitetea. Kuvu wa kutu, ugonjwa wa ngano unaotoa unga huo, hula seli hai tu. Seli zilizo karibu na alipoingia zikijiua, anakosa riziki na kufia hapohapo.

Kuvu naye ana dawa ya hilo. Hupenyeza kinyonyeo ndani ya seli na kumwaga protini zinazozima amri ya kufa. Ndiyo maana jani lililoambukizwa hukaa kijani kwa wiki moja au zaidi, kisha malengelenge ya kutu yanapasuka. Kwa hiyo kagua hata shamba linalopendeza, hasa majani ya chini.

Aina nyingi za ngano stahimilivu zina jeni inayoitambua mojawapo ya protini hizo na kurudisha amri ya kufa. Kuvu akiibadilisha protini hiyo, ulinzi umekwisha. Kutu ya shina ya aina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, iliishinda jeni Sr31 iliyotegemewa katika nchi nyingi. Mimi nisingetegemea jeni moja, hata mbegu isifiwe vipi. Tafuta aina yenye jeni kadhaa, ikiwemo Lr34 ikipatikana: hiyo haimzuii kuvu kabisa, humchelewesha tu, lakini imedumu kwa miongo mingi. Ng'oa pia ngano iliyoota yenyewe baada ya mavuno, maana kutu huvukia humo kwenda msimu mwingine. Ukilazimika kupulizia, fanya hivyo dalili zinapoanza, na usirudie kundi lilelile la kiuakuvu kila mara.

Madoa mapana ya kahawia yenye ukingo wa njano ni habari nyingine. Wapo kuvu wanaotaka seli zife. *Parastagonospora nodorum*, kwa mfano, hutoa sumu ya ToxA, na ngano yenye jeni Tsn1 hujiua kwa kuipokea, huku kuvu akila mabaki. Huyu hujificha kwenye mabua yaliyobaki shambani na kwenye mbegu, hivyo panda mbegu safi, fukia mabua, na msimu unaofuata panda zao lisilo la jamii ya nafaka.