Bagpaipu za mtumba Uskoti: muhuri wa chanta usikupumbaze

Hapa Uskoti, mtoto akishaingia bendi ya shule, siku si nyingi atadai bagpaipu yake mwenyewe, ile ala ya kupuliza yenye begi na mabomba. Mpya ya mpingo bei yake inatisha, hivyo wazazi tunakimbilia za mtumba mtandaoni. Huko ndiko nilikoumizwa.

Muuzaji alipiga picha ya karibu ya chanta, lile bomba la kuchezeshea vidole, muhuri ukisomeka wazi: P. Henderson, Glasgow, jina la fundi maarufu wa zamani. Chanta ilikuwa halisi. Droni zote tatu, yale mabomba ya begani, zilikuwa za mti wa bei rahisi uliopakwa rangi. Nilipozifuta kwa kitambaa chenye mafuta, kitambaa kilitoka cheusi. Nilipomulika tochi ndani, mti ulikuwa umepauka.

Muhuri wa chanta unathibitisha chanta tu! Wapigaji hubadilisha chanta kila mara, na droni nyingi za zamani hazina jina lolote. Dai picha za droni zikiwa zimefunguliwa vipande na kulazwa sambamba. Tazama mifereji myembamba ya mapambo: fundi mmoja huikata kwa upana na kina kilekile. Ikitofautiana, kuna kipande cha kuunga kutoka ala nyingine. Ukahawia peke yake si kosa, maana za karne ya 19 nyingi zilichongwa kwa mbao za kahawia kutoka Karibiani. Kosa ni rangi ya kupakwa. Nasema tena, usilipe kwa sababu ya muhuri.

Ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara una siku 14 za kurudisha; kwa mtu binafsi haki hiyo haipo.

Droni za zamani zenye pete za pembe ya ndovu zina sheria yake tangu Juni 2022: chombo kiwe cha kabla ya 1975, pembe isifike asilimia 20 ya ujazo wa chombo chote, na kisajiliwe kabla ya kuuzwa. Kuvusha mpaka ni kibali kingine. Kwa hiyo ndugu zangu wa nyumbani Tanzania, msitutumie tangazo na kusema "dada, bei poa, mpe mjomba aje nayo". Mjomba atakwama uwanja wa ndege, nanyi forodha mnaijua.

Waskoti wanaipenda ala hii kama damu yao, ingawa wachache wanajua kwamba mti wake unatoka misitu ya kwetu, Kilwa na kwingineko. Na wana adabu iliyopitiliza: hakuna atakayekwambia umeuziwa feki, watasifu begi tu. Basi mpelekee mwalimu wa bendi picha kabla hujalipa, umuulize waziwazi: wewe ungeinunua kwa bei hii?