Tangi lako la chini linaingia lita ngapi? Somo la mwisho, sirudii tena

Wiki hii pekee nimepigiwa simu nne, swali lilelile: "Fundi, tangi langu linachukua lita ngapi?" Naandika hapa mara moja. Ukiniuliza tena nakutumia somo hili, usininunie.

1. Pima kwa mita. Futikamba ina pande mbili, soma upande wa sentimita, kisha gawa kwa 100 upate mita.

2. Tangi la pembe nne: urefu × upana × kimo. Zidisha kwa 1,000, hizo ndizo lita.

3. Tangi la duara. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo nilipoumbuka. Kipenyo ni upana wa duara kupitia katikati, na nusu yake ndiyo nusukipenyo. Kanuni ni 3.14 × nusukipenyo × nusukipenyo × kimo, kisha zidisha kwa 1,000 upate lita. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilijenga tangi Goba, kipenyo mita 2, kimo mita 2.5. Kwa haraka zangu nikaweka kipenyo kizima: 3.14 × 2 × 2 × 2.5, nikapata lita 31,400. Mama mwenye nyumba akaagiza maboza matatu ya lita 10,000. La kwanza halijaisha, maji yakaanza kumwagika, na Goba ni mlima, yakateremka mpaka kwa jirani yakamzolea mchanga wake wa kujengea. Hesabu sahihi ilikuwa 3.14 × 1 × 1 × 2.5, yaani lita 7,850. Ukisahau kugawa kipenyo kwa mbili, jibu linakuwa mara NNE, siyo mara mbili. Mchanga wa jirani nililipa mimi.

Halafu pima NDANI, baada ya plasta. Tangi hilohilo ukilipima kwa nje ya ukuta wa sentimita 15 unapata kipenyo mita 2.3, na lita zinaruka hadi zaidi ya 10,300. Hizo za ziada ni tofali, hazinyweki. Na kimo kinaishia kwenye bomba la kumwagia maji yakizidi, siyo kwenye mfuniko.

4. Eneo la kupiga plasta: ukuta ni 2 × 3.14 × nusukipenyo × kimo, kwa tangi letu mita za mraba 15.7. Ongeza sakafu 3.14. Jumla 18.84.

MASWALI

Mkazi wa Chanika: Langu ni 3 kwa 2, linaingia lita ngapi?
— Kimo?

Mkazi wa Chanika: Ni la kawaida tu fundi.
— Hakuna kimo cha kawaida, kaka. Shuka upime.

Baba Wawili: Mkuu, nilipima futi 10 × 8 × 7, nikapata 560. Nikazidisha kwa 0.3048 nikapata mita 170. Ina maana nina lita laki moja na sabini elfu?
— Ungekuwa unauzia maji mtaa mzima. Hiyo 0.3048 inageuza urefu tu. Geuza kila upande kwanza ndipo uzidishe, au chukua hizo 560 uzidishe kwa 28.3, ndizo lita za futi moja ya ujazo. Una lita kama 15,850. Na hatua ya kwanza ilisema mita.

Mwanafunzi wa Mbagala: Shikamoo fundi. Kwa nini ujazo wa pia (umbo la koni) unagawanywa kwa tatu? Shuleni tumekariri tu.
— Marahaba mdogo wangu, swali zuri hili. Kunja karatasi ngumu utengeneze pia, kisha mcheduara (umbo la kopo) wenye mdomo uleule na kimo kilekile. Ijaze hiyo pia mchanga mkavu, mimina kwenye mcheduara. Utamimina mara tatu kamili. Ukipata tufe (umbo la mpira) linalogusa mcheduara pande zote, juu na chini, lenyewe linachukua theluthi mbili ya mcheduara huo. Archimedes, mwanahisabati Mgiriki wa kale, aligundua hilo la tufe zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mimi kanuni ya pia naitumia kwenye lundo la mchanga likishamwagwa na tipa: napima mzunguko wa chini kwa kamba, nagawa kwa 3.14 napata kipenyo, naendelea na kanuni ya tangi la duara, mwisho nagawa kwa tatu.

Dada wa Kivule: Asante fundi. Na nikitaka kujua maji yaliyobaki bila kuingia ndani?
— Chukua ubao mrefu mkavu, uuchovye mpaka sakafuni, uangalie ulipolowa. Kwa tangi la kipenyo cha mita 2, kila sentimita 10 ni lita 314. Mimi nimeuchora wangu kwa msumari, maana kalamu inafutika.

Baba Wawili: Msumari wa inchi ngapi?
— Wowote, baba.